Shabaha na mbio: kwa nini wenzetu walilenga na sisi tukakimbia

Najua nimeadimika hapa kibarazani. Mwisho wa semesta si unajua tena, ni kupiga msuli mpaka vimbweta vyenyewe vinakuchoka. Leo nimepata upenyo, na nina deni la kulipa.

Deni lilianza Julai 2024, Olimpiki ya Paris ikiendelea. Jamaa yangu mmoja alikuwa anaangalia kwenye simu fainali ya bunduki ya upepo ya wanawake, mita 10. Binti wa Korea Kusini, Ban Hyo-jin, miaka 16, alikuwa amelingana pointi na Mchina Huang Yuting wa miaka 17. Wote 251.8. Ikabidi wapige risasi moja moja ya kuamua. Ban akapata 10.4, mwenzake 10.3. Basi, dhahabu ikaenda Korea, na ikawa ya 100 kwao katika Olimpiki zote za majira ya joto. Na huyu binti alianza mchezo wenyewe mwaka 2021 tu!

Jamaa yangu akatingisha kichwa. "Mtoto wa miaka 16 na bunduki? Huyo wazazi wake wako wapi?" Mwingine akadakia kuwa sisi Waafrika hatuna macho ya kulenga, tuna miguu ya kukimbia, Mungu kagawa. Hapo nikakasirika kidogo. Mimi nasoma historia, na kitu chochote kikisemwa kuwa "Mungu kagawa" huwa nashuku kuna mtu fulani aliyegawa, na ana jina na tarehe. Nikawaahidi kwamba nitaandika. Ndiyo haya.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi tunauona kama sinema. Ile bunduki ya Ban haitumii baruti. Inasukuma kwa hewa kipande kidogo cha risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5. Kule mbele, mita 10, ile nukta ya kumi katikati ya shabaha ina upana wa nusu milimita. Soma tena: nusu milimita! Ni kama nukta niliyoweka mwisho wa sentensi hii. Mpigaji anavaa koti gumu na suruali ngumu kama turubai ili mwili usitikisike, anashusha pumzi, anasubiri katikati ya mapigo mawili ya moyo. Nguvu za misuli hazikusaidii sana hapo. Ndiyo maana mtoto wa miaka 16 anamshinda mtu mzima, na ndiyo maana Margaret Murdock wa Marekani aliweza kulingana na mwanaume, Lanny Bassham, kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Wote walikuwa na pointi 1162. Majaji wakarudi kuhesabu raundi za mwisho, wakampa Bassham dhahabu. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Bassham akamvuta Murdock wasimame wote pale juu kwenye ngazi ya kwanza. Na mwaka 1992 kule Barcelona, Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume wote kwenye kutungua sahani za udongo zinazorushwa hewani. Mnajua kilichofuata? Olimpiki ya 1996 wanawake hawakuruhusiwa tena kwenye shindano hilo! Walisubiri mpaka Sydney 2000, walipopewa la kwao peke yao. Haya ni ya pembeni, lakini yananikera kila nikiyasoma.

Sasa swali la jamaa yangu, wazazi wako wapi? Jibu la historia ni kwamba wazazi walikuwepo, na serikali ilikuwepo nyuma yao. Huu mchezo ni mtoto wa woga wa vita. Mwaka 1859 Waingereza walikuwa na hofu kwamba Wafaransa watavuka bahari waje kuwavamia. Wakaunda vikosi vya raia wa kujitolea, na pamoja navyo chama cha taifa cha bunduki, ili raia wajifunze kulenga. Mkutano wao wa kwanza wa mashindano ulifanyika Wimbledon mwaka 1860 (ndiyo, Wimbledon hiyohiyo ya tenisi), na risasi ya ufunguzi aliipiga Malkia Victoria mwenyewe. Mwaka mmoja tu baadaye, 1861, shule zikawekewa ngao yao ya kushindania, Ngao ya Ashburton. Yaani kabla hata ya mpira wa miguu kuwa na kombe lake la FA, wanafunzi wa shule za wakubwa Uingereza tayari walikuwa wanashindana kupiga shabaha.

Marekani nako ni hivyohivyo. Maofisa wa upande wa Kaskazini walitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe wakiwa wamechoshwa na askari wao wasiojua kulenga, ndipo mwaka 1871 wakaanzisha chama chao cha bunduki. Kisha Waingereza wakaenda kupigana na Makaburu Afrika Kusini, 1899 mpaka 1902, wakakuta wakulima wenye ndevu wanawatungua kutoka mbali kama kware. Waliporudi kwao, vilabu vya bunduki ndogo vikachipuka kila mji, mpaka viwandani. Kijana wa kazi akitoka zamu anapita klabu kupiga risasi tano.

Uswisi ndio kiboko. Kule Zürich kila Septemba kuna sherehe ya mji mzima ambapo watoto wa miaka 13 mpaka 17 wanapanga foleni kupiga shabaha kwa bunduki ya jeshi. Kwa miaka mingi ilikuwa ya wavulana tu, na jina lake mpaka leo linasema wavulana. Wasichana waliingizwa mwaka 1991. Nchi ile askari wake ni raia, kwa hiyo mtoto anazoeshwa mapema, na wala haionekani ajabu.

Kwa hiyo Kim Rhode wa Marekani alipochukua dhahabu Atlanta 1996 akiwa na miaka 17, kisha akaendelea kuchukua medali kwenye Olimpiki sita mfululizo mpaka Rio 2016, nyuma yake kulikuwa na zaidi ya miaka 100 ya viwanja, vilabu, risasi za bei nafuu na baba wanaofundisha binti zao. Siyo macho hayo jamani. Ni mfumo.

Haya, turudi huku kwetu. Hapa ndipo pananigusa.

Kuna dhana kwamba Mwafrika alikuwa mbali na bunduki. Uongo mtupu! Wakoloni waliwafundisha vijana wetu kupiga bunduki kwa maelfu. Mjerumani alikuwa na askari wake weusi, Mwingereza akaja na KAR. Vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikwenda mpaka Burma kwenye Vita Kuu ya Pili kumpigania mfalme, na hakuna aliyewaambia kuwa hawana macho ya kulenga. Lakini vita ikiisha, bunduki inarudi ghalani na kijana anarudi kijijini na koti lake la khaki. Kulenga kama kazi ya mfalme aliruhusiwa. Kulenga kama mchezo wake mwenyewe, Jumamosi mchana, na kombe mezani na chai, hilo lilikuwa la masetla kwenye vilabu vyao.

Niwape mwezi mmoja tu wa historia muone. Novemba 1956. Kenya inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa, kule Melbourne. Michezo inafunguliwa tarehe 22. Kwenye msafara wa Kenya kuna timu ya kulenga shabaha, wapigaji wake wakiwa ni Wazungu. Mwezi huohuo, Nyeri, mahakama inamsikiliza Dedan Kimathi. Alikamatwa Oktoba 21, kajeruhiwa. Kesi inaanza Novemba 19 na hukumu inatoka tarehe 27, wakati Melbourne michezo inaendelea. Shtaka lililompeleka kitanzini lilikuwa lipi? Kukutwa na bastola na risasi bila kibali. Chini ya sheria za hali ya hatari hilo lilitosha kumnyonga mtu, na walimnyonga Februari 18, 1957.

Nilipoziweka hizo tarehe pamoja kwenye daftari langu nilifunga daftari kwanza nikaenda kunywa maji. Nchi moja, mwezi mmoja, kitu kimoja mkononi. Huyu anapewa namba ya kubandika mgongoni, yule anapewa kamba. (Na Nyeri hiyohiyo ndiko alikozikwa, mwaka 1941, Baden-Powell, yule jenerali wa vita vya Makaburu aliyewaanzishia vijana wa dunia uskauti. Nyeri ina mambo!)

Sasa ongezeni jambo moja. Kwenye msafara uleule wa Melbourne alikuwemo Nyandika Maiyoro, Mkisii, akakimbia mita 5000 akamaliza wa saba duniani. Timu moja, Wazungu wanalenga, Mwafrika anakimbia. Mtu wa kawaida akiangalia picha ile angesema kama jamaa yangu: Mungu kagawa. Lakini mgawaji tumeshamwona. Barabara ya vumbi kutoka nyumbani mpaka shuleni haikuhitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Bunduki ilihitaji.

Mtasema, lakini uhuru ulikuja. Ni kweli, na hapa kwetu Tanzania ulikuja na bunduki nyingi mikononi mwa vijana kuliko watu wanavyokumbuka. JKT ilianza 1963. Januari 1964 jeshi tulilorithi likaasi, likavunjwa, na Septemba mwaka huo JWTZ ikazaliwa kwa kuandikisha vijana wapya. Mwaka 1966 serikali ikasema wasomi wote lazima wapite JKT. Hapa Mlimani wanafunzi walikataa masharti, hasa kukatwa mshahara. Oktoba 22, 1966 wakaandamana mpaka Ikulu wakiwa na mabango. Mwalimu akawasikiliza, akakata mshahara wake mwenyewe, kisha akawarudisha makwao karibu wote 400. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Hiyo stori kila mwaka wa kwanza anasimuliwa, na kila anayesimulia anaongeza chumvi, lakini ninachotaka mkione ni kile kilichofuata. Kutoka hapo mpaka mpango uliposimama 1994, kila kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo, mwanaume kwa mwanamke, alipita kambini akapiga kwata na akapiga shabaha. Daktari aliyekutibu, mwalimu wako wa hesabu, yule mama wa benki mwenye miwani, wote walishalala kifudifudi kwenye majani wakiwa wamefumba jicho moja. Mpango ukarudishwa 2013, ndipo na sisi tukapita, miezi mitatu.

Hebu fikirini. Uswisi ilihitaji hicho tu kupata mchezo! Kizazi kizima kinachojua kulenga. Sisi tulikuwa nacho kwa karibu miaka 30. Mchezo haukuzaliwa.

Kwa nini? Jibu nililipata siku ya rensi, ingawa siku hiyo sikujua kama ni jibu. Tulipelekwa alfajiri kwa mchakamchaka. Kila kuruta anapewa risasi chache za kuhesabika, unalala, unasikiliza amri, unapiga, unanyamaza. Halafu kazi kubwa inaanza, kutafuta maganda. Kila ganda linahesabiwa. Likikosekana moja, kombania nzima inatambaa kwenye majani mpaka lipatikane. Na ni sawa kabisa, silaha ni silaha, nchi ikizembea kwenye hilo inajuta. Ila mchezo wa kulenga unataka kijana apige mara sitini leo, sitini kesho, mwaka mzima, kwa furaha yake, akikosea acheke. Pale risasi ni mali ya taifa.

Kwenye kombania yetu alikuwepo dada mmoja wa Singida, mwembamba, mkimya, kwenye mchakamchaka alikuwa anabaki nyuma kila siku na kuimbiwa. Siku ya rensi risasi zake zote zilikwenda mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Afande akaenda kukagua mara mbili. Akamuuliza, "Wewe kuruta, umewahi kushika silaha wapi?" Dada akasimama wima. "Sijawahi afande. Nyumbani nalinda mtama, afande. Natumia kombeo."

Tulicheka sana. Lakini nilipoanza kuandika haya nimeona alisema kitu kizito. Mikoa ya kati, mtama na uwele ukikaribia kukomaa, kweleakwelea wanashuka kama wingu. Watoto wanapandishwa kwenye dungu kuanzia alfajiri na kombeo na rundo la mawe. Unazungusha, unaachia, siku nzima, wiki nzima, miaka yote ya utoto. Wengine mmekua na manati kwenye miembe, mnajua ninachosema. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe! Pumzi, jicho, subira, na kurudia mpaka mkono unajua peke yake. Hakuna aliyeyaita michezo kwa sababu hakuna aliyeyawekea kombe.

Sasa tazameni upande wa mbio, kambi zilezile. Filbert Bayi wa Karatu alikuwa kijana wa JWTZ. Februari 2, 1974, kule Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola, ana miaka 20. Mita 1500. Bunduki ya kuanzia ikalia, Bayi akatoka kama anakimbizwa na nyuki, akaongoza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Siku zile wajuzi walisema mbio hizo haziongozwi namna hiyo, unajificha katikati unasubiri mzunguko wa mwisho. Yeye hakusubiri mtu. John Walker wa New Zealand, mwenyeji, uwanja mzima unamshangilia, akaja mbio mwishoni lakini ardhi ilikuwa imekwisha. 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker naye akiwa wa pili alivunja rekodi ya zamani, fikiria! Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Mei 1975 Bayi akaongeza rekodi ya maili, 3:51.0, kule Kingston, Jamaica. Mwaka 1976 Tanzania ikasusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu. Walker akaenda peke yake, akachukua dhahabu ya 1500. Bayi alikuwa na miaka 23. Mimi naunga mkono ule ususiaji mpaka kesho, lakini tusijifanye kuwa haukuwa na mtu aliyeulipia kwa miguu yake. Moscow 1980 alirudi akapata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui naye fedha ya mita 5000. Hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki tulizonazo mpaka Paris 2024.

Juma Ikangaa aliyeshinda New York 1989 kwa 2:08:01, mwanajeshi. Alphonce Simbu aliyetuletea ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, akimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42 (wote wameandikiwa 2:09:48!), mwanajeshi pia. Kwa hiyo jeshi letu limekuwa likilea wanamichezo kwa zaidi ya miaka 50, na limewalea vizuri. Linawapa mshahara, chakula, muda na afande anayeelewa. Ni kwamba limewalea kwenye kile kisichogharimu risasi. Kazi yenyewe ya askari, kulenga, ikabaki kazi.

Na shuleni? Tulikuwa na UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISETA kwa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikasimamishwa kwa miaka kadhaa, hoja ikiwa masomo kwanza. Ikarudi baadaye, lakini mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati inasimamishwa hakurudi darasa la tano. Umri ndio kitu kisichosubiri kwenye haya mambo. Bayi alikuwa na 20, Rhode 17, Ban 16. Sisi kijana wetu tunamkabidhi bunduki kwa mara ya kwanza akiwa amemaliza kidato cha sita, tunampa risasi za kuhesabu asubuhi moja, tunamwambia amefanya vizuri, arudishe maganda.

Sisemi kila kata ijengewe rensi, msije mkanielewa vibaya nikaitwa ofisini, teh teh. Bunduki ya upepo ya mita 10 inahitaji ukumbi wa urefu wa darasa mawili na ukuta mzito mbele, chini ya mtu mmoja makini mwenye ufunguo. Kwenye Olimpiki ya vijana ya kwanza, Singapore 2010, kulenga kulikuwemo, kwa bunduki na bastola za upepo, na watoto walioshiriki walikuwa wa umri wa kidato cha tatu na cha nne wa kwetu. Hata mishale ingefaa kuanzia, mbona Wahadzabe pale Eyasi mtoto anapewa upinde wake akiwa mdogo kabisa.

Yule dada wa Singida bado tunawasiliana. Yuko chuo kingine, anasoma uhasibu, mwaka wa mwisho, boom likichelewa analia kama sisi. Juzi nilimpigia nikamwambia namwandika, akacheka, akasema nisitaje jina. Nikamuuliza kama amewahi kupiga tena shabaha tangu siku ile. Akasema bunduki hapana. Ila likizo ya Machi alikwenda kwao, akakuta wadogo zake wamechoka juu ya dungu, akapanda akawapokea zamu. Anasema mkono bado upo.